Doa la Unyayoni: Nani Aliguse Kwanza?

DAKTARI WA UPASUAJI: Nianze na kisigino chenyewe, maana ndicho kilichotukutanisha. Mama huyu alikuwa na doa jeusi unyayoni lisilozidi punje ya kunde. Leo lina upana wa sarafu ya shilingi 100, kingo zake zimevurugika, katikati limechimbika na linatoa maji. Tumekata kinyama, maabara imejibu: melanoma, na imeshuka milimita 3 na ushee ndani ya ngozi. Kati ya punje ya kunde na sarafu kuna miezi 11. Mzee wangu, katika hiyo 11, miezi 4 ilipita mikononi mwako.

TABIBU WA TIBA ASILI: Na 7 ilipita mikononi mwa nani? Kabla hajanijia alikwenda zahanati mara 3. Mara ya kwanza wakampa dawa ya fangasi ya kupaka. Mara ya pili wakasema amekanyaga msumari, wakamchoma sindano ya pepopunda. Mara ya tatu wakasema ni sugu, abadilishe viatu. Mimi nilipokea sugu iliyokwisha kupewa jina hilo na wenye makoti meupe. Nikaichoma kwa mafuta ya ganda la korosho kama baba yangu alivyonifundisha, na sugu nyingi zimepona hivyo mkononi mwangu.

BINTI WA MGONJWA: Ilikauka juu, mzee. Tulifurahi tukachinja na kuku. Mwezi wa pili ikapasuka, ukasema uchafu unatoka, tusubiri. Mwezi wa tatu ukasema hivyohivyo.

TABIBU: Nilisema. Siwezi kulikana neno langu mbele yako, mwanangu.

DAKTARI: Na mimi siwezi kuikana zahanati. Watu wetu wa huko chini wamefundishwa malaria, nimonia, uzazi. Wengi hawajawahi kuonyeshwa melanoma hata kwenye picha, na picha walizoonyeshwa ni za ngozi nyeupe. Hilo ni kosa la upande wangu. Lakini kosa la zahanati liliuchelewesha ugonjwa, kuchoma kuliufunika. Dawa ya kuunguza inaua kilicho juu, na melanoma haikai juu, inateremka. Mwaka 1970 Alexander Breslow alionyesha kwamba unene wa uvimbe, ukipimwa kwa milimita kutoka juu kwenda chini, unasema mengi kuhusu maisha ya mgonjwa kuliko upana wake. Ikiwa haijazidi milimita 1 tunakata tukiacha sentimita 1 ya ngozi safi pande zote, na wengi wanakwenda zao wamepona kabisa. Ikizidi milimita 2 tunakata sentimita 2 pande zote, tena tunaifuata tezi ya kwanza ya kinenani kuona kama imeingiliwa. Ukikausha juu, mgonjwa anadhani anapona, na sisi tunanyang'anywa zile milimita.

TABIBU: Sentimita 2 pande zote za kisigino cha mwanamke anayelima kwa jembe la mkono. Unajua unamwambia nini?

DAKTARI: Najua. Tutapandikiza ngozi kutoka pajani. Haitakuwa ngumu kama ya unyayo, itahitaji kiatu laini, na kwa wiki kadhaa hataukanyagia mguu huo.

BINTI: Wiki kadhaa hizo ndizo za kupalilia.

MUUGUZI WA TIBA SHUFAA: Hapo ndipo nilipotaka mfike. Tunazungumza kana kwamba mgonjwa anaikataa sayansi. Mara nyingi mgonjwa anaikataa kalenda. Mzee hapa hamlazi, hamwambii afunge tangu usiku, hamwambii aje na ndugu 2 wa kuchangia damu. Anamwambia, "Kaa, mama," kisha anamsikiliza saa nzima. Daktari, wewe ulimpa dakika ngapi?

DAKTARI: Siku ile nilikuwa na wagonjwa 40 na kitu nje.

MUUGUZI: Sikukulaumu. Nimeuliza dakika.

BINTI: Kumi. Na katika hizo kumi neno alilolishika mama ni "kukata". Nyumbani, mama akiwa hasikii, kaka akasema huu ni ugonjwa wa Wazungu na wa ndugu zetu wenye ualbino, mama ngozi yake ni nyeusi tangu utosini, hawezi kuupata. Akaongeza kwamba hata Bob Marley alikatwa kidole na bado akafa.

DAKTARI: Kaka yako amekosea mahali penyewe. Bob Marley hakukatwa kidole. Mwaka 1977 waligundua melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Alishauriwa kidole kiondolewe, akakataa, na inasemwa sana kwamba imani yake ya Kirastafari ilikuwa sehemu ya sababu. Wakatoa ukucha na nyama ya chini yake, wakapandikiza ngozi. Alirudi jukwaani. Aprili 1980 alikuwa katika mji ambao leo unaitwa Harare, kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe. Septemba mwaka uleule akaanguka akikimbia mazoezi New York, na ugonjwa ulikwisha kufika kwenye ubongo.

TABIBU: Maliza kisa, daktari. Baada ya hapo?

DAKTARI: Akaenda Ujerumani kwa Josef Issels, aliyetibu saratani kwa njia zake mwenyewe nje ya zile za hospitali za kawaida. Alikaa huko miezi kadhaa. Akafa Miami tarehe 11 Mei 1981, ana umri wa miaka 36.

TABIBU: Basi msimtupie Issels maiti hiyo. Alimpokea mtu ambaye madaktari wakubwa wa Marekani walikuwa hawana tena la kumpa. Ndivyo mnavyotufanyia na sisi huku: mgonjwa mnamrudisha nyumbani mkisema hakuna la kufanya, anakuja kwangu akiwa mifupa mitupu, akifa mnasema ameuawa na mizizi.

DAKTARI: Uko sahihi kuhusu miezi ile ya mwisho. Na sitadai kwamba kukata kidole kungemwokoa kwa hakika; hakuna awezaye kuapa hivyo. Mimi naiangalia ile miaka 3 ya kabla. Na kuhusu ngozi nyeusi, binti, mwambie kaka yako hivi. Rangi yetu inatukinga sana na melanoma inayoletwa na jua. Ile inayotupata sisi hujificha pasipo na rangi nyingi: unyayoni, kiganjani, chini ya kucha. Jua si mlezi wake mkuu, ndiyo maana kofia na mafuta ya kukinga jua hayatamsaidia mama kama yanavyomsaidia mwenye ualbino. Na mwenye ualbino naye, saratani inayomwandama zaidi huku kwetu si melanoma, ni nyingine za ngozi. Huko Marekani, Mweusi akipata melanoma, nafasi yake ya kuwa hai baada ya miaka 5 ni kama 70 kati ya 100. Ya Mzungu ni zaidi ya 90. Sababu moja kubwa ni kuchelewa kutambuliwa. Hakuna anayegeuza unyayo wa mtu mweusi kuutazama.

TABIBU: Mimi naugeuza. Wanaokuja kwangu naanza na miguu.

DAKTARI: Ndiyo maana nakasirika, mzee! Wewe unaiona miguu ambayo mimi siioni. Doa jeusi unyayoni linaloongezeka, mstari mweusi kwenye ukucha unaopanuka na kumwagika hadi kwenye ngozi ya kando, sugu isiyopona: ungekuwa unaniletea hizo wiki ileile, ungeokoa watu wengi kuliko nitakaowaokoa mimi kwa kisu.

TABIBU: Nikuletee, kisha? Nilishawahi kupeleka mgonjwa hospitali moja ya wilaya kwa mguu wangu, nikaulizwa mbele ya watu kama nimebeba na tunguri zangu. Nimesajiliwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002. Muhimbili wana watu wanaochunguza dawa zetu tangu 1974. Lakini hakuna fomu ya rufaa yenye nafasi ya jina langu. Nikimleta mgonjwa kwako ninampoteza, na aibu naipata juu yake.

MUUGUZI: Jibu hilo, daktari.

DAKTARI: Sina jibu zuri. Naweza kukupa namba yangu ya simu.

TABIBU: Namba si utaratibu.

DAKTARI: Si utaratibu. Lakini doa halisubiri utaratibu.

BINTI: Naomba niulize la fedha, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Mkishakata, mkakuta tezi ya kinenani imeingiliwa, kuna nini? Nimesoma kuna dawa mpya.

DAKTARI: Zipo, na ni kweli. Kwa miaka mingi ugonjwa huu ukishasambaa tulikuwa na kemo iitwayo dakabazini, na wachache tu walinufaika; wengi hawakumaliza mwaka. Mwaka 2011 ikaja ipilimumabu, 2014 zikaja pembrolizumabu na nivolumabu. Haziichomi saratani. Askari wa mwili wana breki zao, za kuwazuia wasiushambulie mwili wenyewe. Saratani imejifunza kuzikanyaga breki hizo, askari wanapita karibu yake bila kuigusa. Dawa hizi zinazifungua. James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobeli 2018 kwa kazi hiyo. Katika utafiti mmoja mkubwa wa melanoma iliyosambaa, waliopewa ipilimumabu na nivolumabu pamoja, 43 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 10. Nikiwa mwanafunzi ungeniambia hivyo ningesema unaota.

BINTI: Na bei?

DAKTARI: Marekani, pembrolizumabu ya mwaka mmoja inazidi dola 100,000.

BINTI: Dola.

DAKTARI: Dola. Shirika la Afya Duniani liliziweka pembrolizumabu na nivolumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 kwa ajili ya melanoma hiihii. Orodha hiyo haijazifikisha kwenye kabati langu. Tena nikufiche nini: hii ya unyayoni huitikia dawa hizo kwa uchache kuliko ya ngozi iliyoungua jua. Kuna vidonge vingine vinavyolenga hitilafu fulani ya vinasaba, lakini hitilafu hiyo nayo ni adimu kwenye melanoma ya unyayo.

TABIBU: Kwa hiyo ugonjwa ukishavuka kinena, hospitali yako na kilinge changu tuko sawa mfukoni mwa mama huyu. Wewe una dawa asiyoweza kuinunua, mimi nina dawa usiyoiamini.

DAKTARI: Hatuko sawa. Yangu imepimwa.

TABIBU: Kupimwa kwa dawa ambayo hataiona kunamfaa nini?

MUUGUZI: Ngojeni. Katika hali hiyo hatuko mikono mitupu, na nyote wawili mnapita juu ya kazi yangu. Maumivu yanatibika. Waganda wanachanganya mofini ya maji na kuwapa wagonjwa majumbani tangu 1993, Hospice Africa ilipoanza Kampala. Mgonjwa anakunywa kwa kipimo chupani, bei yake si ya kutisha. Kidonda kinachonuka, tunasaga vidonge vya metronidazo tunakinyunyizia, harufu inapungua, na wajukuu wanarudi kukaa karibu na bibi yao. Kuchua mikono na mgongo kunamtuliza mtu. Dua inamtuliza. Tangawizi inawasaidia baadhi ya wanaopewa kemo wasitapike sana. Haya siyaiti tiba ya melanoma. Nayaita tiba ya mtu mwenye melanoma, na mzee akitaka kukaa hapo pamoja nami, kiti kipo.

TABIBU: Kiti cha pembeni.

MUUGUZI: Mimi mwenyewe ndiko ninakokaa, mzee.

TABIBU: Kinachoniuma ni kuambiwa mmea hauna nguvu. Lile ua la Madagaska, la pinki na jeupe, linalopandwa kando ya viambaza vya nyumba, si ndilo lililowapa vinikristini? Na hiyo si ndiyo mnayowatibia watoto wenye uvimbe wa taya, ule alioueleza daktari Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958?

DAKTARI: Ndilo. Na watoto wanapona, na nalishukuru ua lile. Lakini tazama safari yake. Kilichomo kilitengwa, kikapimwa kwa miligramu, kikajulikana kipimo kinachotibu na kinachoua, kisha kikagundulika kinafaa saratani fulani na hakifai nyingine. Melanoma haimo kati ya zile kinazozifaa sana. Mtu akichemsha majani yale jikoni, anakunywa sumu asiyojua uzito wake. Sibishani na mmea, mzee. Nabishana na sufuria isiyo na kipimo.

BINTI: Na majani ya mstafeli? Maana kila jirani anayeingia kwetu anatoka nayo. Kuna aliyeapa yana nguvu kuliko kemo mara 10,000.

DAKTARI: Maneno hayo yalianzia kwenye seli za maabara ndani ya kichupa. Hata chumvi nyingi na siki zitaua seli ndani ya kichupa. Hakuna utafiti wa binadamu ulioonyesha stafeli inatibu melanoma. Na huko Guadeloupe, visiwa vya Karibi, madaktari waliona wagonjwa wengi wenye kutetemeka na kukakamaa kusiko kwa kawaida, wakakuhusisha na kula na kunywa sana vitu vya mstafeli kwa miaka. Tunda moja moja sikukatazi.

TABIBU: Mimi sijawahi kumpa mtu majani hayo. Hiyo ni dawa ya simu za mkononi, na mizigo yake naitwishwa mimi. Kama ya Loliondo. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni kwenda Samunge, kikombe cha dawa shilingi 500, watu wametolewa hospitalini, wengine wakafia njiani, na mpaka leo nikifungua mdomo naambiwa "ninyi na kikombe chenu". Mchungaji Mwasapile, mwenye kikombe hicho, hakuwa tabibu wa mitishamba. Alisema ameoteshwa na Mungu. Sisi hatuoteshwi, tunafundishwa, na tunakosea kama ninyi mnavyokosea.

BINTI: Lakini ukikosea wewe, mzee, nani anajua? Hospitali ina faili. Makosa ya zahanati umeyasoma humo humo. Ya kwako nayajua mimi kwa sababu nilikuwa nahesabu miezi.

TABIBU: ...Hilo limenipata.

MUUGUZI: Na la chakula lisipite, maana nalo linawachanganya watu. Wagonjwa wakisikia saratani wanaanza kufunga, hawali ugali, hawali nyama, wanaishi kwa juisi ya rozela. Wanakuja kwangu wamekwisha, na si saratani iliyowamaliza.

DAKTARI: Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwaangalia wagonjwa wa melanoma waliokuwa kwenye zile dawa za kufungua breki. Waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, yaani maharage, kunde, nafaka zisizokobolewa, mboga na matunda, walielekea kufanya vizuri zaidi. Waliomeza vidonge vya dukani vya bakteria wa tumbo hawakuonyesha faida hiyo. Kwa hiyo kunde za mama ni bora kuliko kopo la dukani. Na zile vitamini za kuongeza nguvu nazo, msizibebe tu: panya wenye melanoma waliopewa kiondoa sumu cha dukani, ugonjwa wao ulisambaa zaidi. Panya si mtu, lakini inatosha kunifanya niulize kabla mgonjwa hajameza.

TABIBU: Kumbe chakula ni dawa, kikisemwa na wewe.

DAKTARI: Ni chakula. Hakikutoa doa la mtu yeyote. Sasa niulize ninaloliogopa. Upasuaji ni Jumatatu. Mama anakunywa nini sasa hivi?

BINTI: Kuna chupa. Ile ya mzee. Kijiko asubuhi na jioni.

DAKTARI: Kwenye kadi imeandikwa hatumii dawa yoyote.

BINTI: Nesi aliuliza kwa sauti mbele ya foleni, "Umetumia miti shamba?" Ungekuwa wewe ungejibu ndiyo?

MUUGUZI: Asingejibu. Hata mimi nisingejibu.

DAKTARI: Mzee, kuna nini ndani yake?

TABIBU: Kitunguu saumu. Tangawizi. Manjano. Habasoda. Asali ya nyuki wadogo. Na mti wa sita.

DAKTARI: Saumu, tangawizi na manjano kwa wingi vinaweza kuifanya damu ichelewe kuganda. Nikikata eneo kubwa hivyo na kupandikiza ngozi, damu ikijaa chini ya kipandikizi, kipandikizi kinakufa. Alikunywa lini mara ya mwisho?

BINTI: Jana jioni.

DAKTARI: Basi upasuaji unasogea wiki moja.

TABIBU: Wiki! Umenihesabia miezi 4 hapa mbele ya watu, na wewe mwenyewe unaongeza?

DAKTARI: Naongeza kwa ajili ya chupa yako. Huo wa sita ni mti gani?

TABIBU: Huo ni wa ukoo. Babu yangu hakuutaja sokoni.

DAKTARI: Hapa si sokoni. Naweza kuwa na mgonjwa aliyelala kwa dawa ya usingizi, moyo umebadilika mwendo, na mimi sijui ni kwa sababu gani.

TABIBU: Utautaja mti wangu kwenye karatasi, kesho kutwa utakuwa na jina la kampuni.

MUUGUZI: Hofu yako si ya bure, mzee. Lakini basi usimwambie daktari. Mwambie mwenye mguu, yeye ndiye anayeunywa. Akitaka, atasema.

TABIBU: Mwenye mguu? Mwenye mguu hajui hata anaumwa nini. Niliposema "saratani" mdomoni mwangu wiki iliyopita, binti huyu alinikanyaga chini ya meza. Wamemwambia ana kidonda kikubwa. Daktari naye amekubali kuandika hivyo.

DAKTARI: Familia iliniomba.

BINTI: Shangazi yangu alitajiwa, akageukia ukutani, hakula tena. Nilimzika mimi. Nisingeweza mara ya pili.

MUUGUZI: Kwa hiyo Jumatatu au Jumatatu ijayo, mtamkata kisigino mwanamke mzima anayedhani amekanyaga msumari?

BINTI: Sista, usiseme hivyo.

TABIBU: Aseme. Mnanitaka nivunje siri ya babu yangu, na ninyi nyote watatu mna siri moja kubwa kuliko yangu, tena ya mwili wa mtu mwingine. Mimi nitamtajia mti wangu saa ileile utakayomtajia ugonjwa wake, mwanangu. Wewe kwanza, au mimi kwanza, sitabishana.

DAKTARI: Na mimi nitakuwepo kujibu atakachouliza. Hata ikichukua zaidi ya dakika 10.

BINTI: Yuko nje kwenye benchi. Ameketi tangu saa 2, amevua kiatu cha mguu huo.